Makofi ya Vidole Viwili

Nchi yetu ni nzuri, na kama una maoni tofauti nakuomba uyaseme taratibu, maana balozi wetu wa nyumba kumi ana masikio makali. Tuna amani. Tuna bomba la maji ambalo limezinduliwa mara nyingi kuliko lilivyotoa maji. Na zaidi ya yote tuna makofi, tena tuna wizara nzima ya kuyasimamia, Wizara ya Mwitikio wa Wananchi, yenye jengo refu kuliko hospitali.

Mwenyekiti wa kijiji anapigiwa makofi ya kawaida. Mkuu wa Wilaya anapigiwa makofi ya kilo. Waziri anapigiwa makofi ya kusimama, na hakuna kuacha mpaka mtumishi wa wizara apeperushe kitambaa cheupe. Mama mwenye ndoo kichwani anaruhusiwa kuitua kwanza, maana sheria yetu ina huruma. Redio ikitoa hotuba mchana, kila nyumba inapiga makofi palepale ilipo, hata kama mikono ina unga wa ugali.

Mimi sina neno na makofi. Mikono ninayo, nafasi ninayo. Taabu ilikuwa mbwa wetu.

Jina lake Kashata, kwa ajili ya rangi. Tulimpata kwa muuza mkaa mmoja aliyekuwa na tabia ya kumpigia makofi mawili, pa, pa, halafu ndipo anamshukia kwa mkanda. Kwa hiyo mpaka leo, ukipiga makofi karibu na Kashata, anatetemeka mwili mzima, kisha anaruka na kuikamata mikono yenyewe, au mkono wa shati, au chochote kinachoning'inia. Hang'ati nyama. Anashika tu, macho ameyafumba, kama mtu anayesubiri kipigo na amechoka kusubiri.

Mtu mwenye akili ataniuliza, si ungemgawa? Haya, nisikilize. Baba yangu, Mzee Tibenda, ana kifafa. Zamani alikuwa anaanguka popote, na siku moja aliangukia jiko la mkaa. Mkono wake wa kushoto ukiuona hutauliza mara ya pili. Tangu Kashata aje, baba hajaanguka. Yule mbwa anajua kabla. Anamjia baba, anamsukuma magoti kwa kichwa, anabweka ile sauti yake ya kukoroma mpaka mzee aketi chini, na punde tu kifafa kinakuja kinamkuta kwenye mkeka. Nani alimfundisha? Hakuna. Sasa huyo nimgawe kwa nani, jamani?

Siku ya kuzindua bomba, kwa mara nyingine, tulikwenda wote. Mkuu wa Wilaya akafungua koki, koki ikatoa hewa, naye akasema hewa ni dalili njema. Tukapiga makofi ya kilo. Na kama ilivyo kawaida ya viongozi wetu, yeye mwenyewe akajipigia. Alikuwa karibu na Kashata. Loo! Mbwa akaruka, akaning'inia kwenye mkono wa suti, na mkono wa suti ukatoka mzima mzima kama ganda la ndizi. Watu walibanwa na kicheko, na kwa kuwa kumcheka Mkuu wa Wilaya ni kosa, wakaongeza makofi ili wasicheke. Unaweza kufikiri hayo makofi yalimsaidiaje Kashata.

Hukumu ilitolewa palepale. Mbwa abadilike tabia kabla ya Siku ya Shukrani za Taifa. Siku hiyo atajaribiwa uwanjani mbele ya Waziri. Akitulia taifa linapopiga makofi, yuko huru. Akileta fujo, risasi.

"Tumekuwa wapole sana," alisema Mkuu wa Wilaya, mkono mmoja uko wazi hadi begani.

Tukapelekwa Idara ya Maadili ya Wanyama wa Nyumbani. Mkurugenzi wake anaitwa Dokta Profesa Mhandisi Lubasha, na ukiruka cheo kimoja anakurudisha mwanzo wa sentensi. Alitupokea vizuri, akamwangalia Kashata toka mbali, akasema: "Mama Gaudensia, mbwa huyu hana tatizo la makofi. Ana tatizo la mtazamo."

"Anaogopa, Dokta Profesa Mhandisi. Alipigwa."

"Nani hakupigwa?" akasema. "Tutampa semina elekezi."

Mkinicheka shauri yenu. Mbwa alikalishwa kwenye kiti cha plastiki, mimi nimemshika kamba, mbele yetu meza ndefu ya wawezeshaji, kila mmoja na chupa yake ya maji. Mada ya kwanza ilikuwa Nafasi ya Mbwa Katika Ujenzi wa Taifa. Mada ya pili sikuisikia vizuri kwa sababu ilikuja pamoja na sambusa za wawezeshaji, na Kashata ndipo alipoanza kuonyesha usikivu. Mwishoni Mkurugenzi akasimama. "Itifaki imezingatiwa," akasema. "Mbwa wa nchi hii si mbwa wa jana. Ni mbwa anayejitambua, anayethubutu, na anayekwenda na kasi ya wakati. Sasa tujipigie makofi ya kusimama."

Nilipaza sauti nikasema msipige. Wakapiga. Kashata akavuka meza kwa hatua moja na kuikamata tai ya Mkurugenzi. Na Mkurugenzi, masikini wa Mungu, hakuweza kujitetea, maana mikono yake ilikuwa inapiga makofi na hairuhusiwi kuacha kabla ya kitambaa cheupe, na mwenye kitambaa alikuwa amekwenda kunywa chai. Aliendelea kupiga huku uso unabadilika rangi. Tulimwokoa tulipokata tai kwa kisu cha kukatia limau.

Ikatolewa taarifa kwamba mbwa ana ukaidi wa asili, na kwamba Idara imefanya kila linalowezekana.

Nilitoka pale nalia kwa hasira. Haki ya Mungu, nililia. Nyuma ya jengo, karibu na jenereta, nikaona mlango umeandikwa Mganga wa Mifugo, na ndani mwanamke amevaa koti jeupe anakwangua kwato za mbuzi. Ndiye Dokta Nasemba. Alimtazama Kashata, akamtazama tena, akaninyamazisha kwa mkono nilipoanza kutaja vyeo vya Mkurugenzi.

"Huyu kabla ya kupigwa alikuwa anasikia nini?" aliniuliza.

Nikamwambia. Akaacha mbuzi.

"Basi hana ukaidi wala nini. Kwake makofi ni habari kwamba mkanda unakuja. Anaikamata mikono ili mkanda usije. Wewe ungefanyaje?" Akachukua kipande cha karatasi, akakitupa, akaamua kunieleza kwa mdomo. "Sikiliza. Mtu mmoja akae mbali kabisa, apige makofi madogo sana, vidole viwili juu ya kiganja. Madogo mpaka mbwa ayasikie lakini asiogope. Papo hapo mpe nyama. Nyama ifike kabla ya woga. Akizoea, sogea kidogo. Akitetemeka, umekwenda haraka, rudi nyuma. Usimpige, usimkaripie, usimfunge apigiwe kelele. Itachukua wiki nyingi."

"Mbona ukumbini hawakusema hivyo?"

"Sikualikwa," alisema Dokta Nasemba. "Mimi ni mtaalamu tu."

Basi tukaanza. Baba anakaa kule mwisho wa migomba na kigoda chake, anapiga vidole viwili, tap, tap, tap. Mimi huku na bakuli la mapupu ya kuchemsha. Kashata mwanzoni alisimamisha masikio na manyoya ya mgongo. Nikampa pupu. Tap, tap. Pupu. Mungu anisamehe, kazi ile inachosha kuliko kulima. Unangoja, unarudia, unasogea hatua, mbwa anatetemeka, unarudi nyuma hatua zilezile ulizozihangaikia tangu asubuhi. Nilitaka kumpigia kelele. Nilitaka kumpigia kelele muuza mkaa. Baba akawa ananitania kutoka migombani: "Gaude, usinune, mgonjwa anakuona!"

Lakini Kashata akawa anabadilika. Ikafika siku baba alipiga vidole viwili akiwa karibu na banda la kuku, na mbwa, badala ya kutetemeka, akanigeukia mimi huku anatikisa mkia, kuniuliza pupu liko wapi. Nilikaa chini nikacheka peke yangu. Tulikuwa bado na safari ndefu, ila nilianza kuamini tutafika.

Sasa balozi wetu, Kasiano, ni mtu mwema sana, asiyeweza kulala kama hajui jirani amekula nini. Mchana mmoja Waziri alikuwa anahutubia redioni. Kasiano akachungulia uani kwetu kuhakikisha tunaitikia, akamwona Mzee Tibenda amekaa kwenye kigoda, hajasimama, anampigia Waziri makofi ya vidole viwili. Na binti yake anagawa nyama.

Kesho yake tuko, na Kasiano pembeni, mbele ya Dokta Profesa Mhandisi Lubasha, amevaa tai mpya.

"Mzee," akaanza, "makofi yale ulikuwa unampigia nani?"

"Mbwa," baba alisema.

"Wakati Waziri anaongea?"

"Na mbwa naye alikuwa na zamu yake."

Nikaingilia kati, nikaeleza yote, vidole, umbali, nyama, woga. Nilieleza vizuri mpaka karani aliacha kutafuna. Mkurugenzi alisikiliza, kisha nikaona jasho linamtoka, na si kwa sababu ya joto.

"Ngoja nielewe," akasema. "Mbwa hapigi makofi. Anayasikia tu. Na kwa kuyasikia anapewa nyama."

"Ndiyo."

"Na raia, ambaye ndiye anayepiga, kila siku, amesimama, miaka yote hii... yeye anapewa nini?"

Kasiano alitazama dari. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alikuwa anajiuliza.

"Hapewi kitu," alisema baba.

"Huo!" Mkurugenzi akagonga meza. "Huo ndio uchochezi wenyewe!"

Tiba ikapigwa marufuku. Dokta Nasemba akahamishiwa kuhesabu kuku mpakani, lakini gari la kumhamisha halikuwa na mafuta, kwa hiyo akaendelea kukaa nyuma ya jenereta bila ruhusa ya kumgusa mnyama. Nilimfuata. Alikuwa na hasira kuliko mimi.

"Hajapona," alisema. "Yuko nusu. Makofi ya uwanja mzima yatamrudisha alikotoka, na pale atashika mtu, na watampiga risasi. Na watasema ukaidi."

"Nifanye nini?"

"Sijui, dada yangu. Mimi najua mbwa. Hawa wengine siwajui."

Ila serikali yetu ina bidii. Ili marufuku hiyo imfikie kila mtu, ilisomwa redioni asubuhi, mchana na jioni: ni kosa kwa mtu yeyote kupiga makofi ya vidole viwili kwa matumaini ya kupewa nyama. Nchi nzima ilikuwa haijui kitu. Ikajua. Sokoni watu wakawa wanaulizana kwa sauti ya chini, ni nyama ya ng'ombe au ya mbuzi? Inagawiwa wapi? Kama haipo, mbona wameikataza?

Siku ya Shukrani ikafika. Walimfunga Kashata kwenye mlingoti chini ya jukwaa, askari na bunduki pembeni yake. Mimi na baba tulisimamishwa mstari wa mbele ili tupate fundisho. Baba alinishika kiwiko kwa ule mkono wake wa kovu, na wote wawili tulikuwa tunamwangalia mbwa, wala hatumsikii Waziri, aliyekuwa anaeleza jinsi tunavyompenda.

Akamaliza. Akafungua mikono kuupokea upendo.

Tap, tap, tap.

Mwanzoni sikuelewa. Uwanja mzima, watu mpaka kule kwenye magoli, walikuwa wamesimama wima wanapiga vidole viwili juu ya kiganja, taratibu, kwa adabu. Ilisikika kama mvua ndogo juu ya majani. Kisha, kwa pamoja, wakanyoosha viganja mbele. Walikuwa wanangoja nyama.

Kashata akasimamisha masikio. Akatazama kulia na kushoto kutafuta bakuli langu. Hakuliona, akashusha pumzi, akaketi.

Waziri aliendelea kufungua mikono. Mwenye kitambaa cheupe alikiinua, akakishusha, hakujua kama kuna kitu cha kusimamisha. Askari alimtazama Mkurugenzi, na Mkurugenzi akaifungua sheria yake. Sheria inasema mbwa atulie taifa linapopiga makofi. Mbwa ametulia. Taifa limepiga.

"Mheshimiwa," akasema, "mbwa amefaulu."

"Na taifa?" akauliza Waziri.

"Taifa, Mheshimiwa, limefeli."

Nilimfungua Kashata kwa mikono yangu, nikamkumbatia mbele ya watu, sikujali. Walimvisha utepe wa bluu wa mhitimu. Kasiano alikuja kunipa hongera, akaniuliza pembeni kama nyumbani yamebaki mapupu.

Nilidhani yamekwisha. Ningekuwa nimezaliwa nchi nyingine, yangekuwa yamekwisha.

Wiki iliyofuata taifa likaandikishwa mafunzo ya tabia, chini ya Idara ileile ya Maadili ya Wanyama wa Nyumbani, kwa kuwa ndiyo yenye uzoefu wa kufaulisha. Kata yetu tulipangiwa ghala la pamba. Nikaenda na baba, na Kashata anatembea kando ya goti lake. Mlangoni tukazuiwa.

"Huyu ni mhitimu," alisema Mkurugenzi. "Mhitimu hawezi kukaa darasa moja na waliofeli. Atashuka kiwango."

Nikamweleza kifafa. Nikamweleza jiko la mkaa. Nilimkunja baba mkono wa shati, nikamwonyesha kovu. Nilipiga magoti, mimi, mbele ya mtu yule.

"Mama, naelewa machungu yako," akasema. "Lakini nikimruhusu mbwa mmoja aliyefaulu, kesho wote waliofaulu watataka kuingia."

"Amefaulu mmoja tu nchi nzima!"

"Ndiyo maana lazima tumlinde."

Walimfunga nje, kwenye nguzo. Baba akaniambia niache, tusipoingia watatuongezea muda. Tukakaa benchi la nyuma. Mwezeshaji akatufundisha jinsi ya kupiga makofi kuanzia begani. Tulikuwa katikati ya zoezi la makofi ya kusimama niliposikia Kashata anabweka. Nikajua. Ile ya kukoroma. Naijua hata nikiwa usingizini.

"Baba, kaa chini!"

"Hakuna kukaa!" akasema mwezeshaji. "Kitambaa bado!"

Nilimvuta baba shati, nilichelewa. Alianguka kwa mbele, paji la uso likakutana na ncha ya benchi, na nje kule mbwa alikuwa anabweka mpaka sauti inakatika. Damu ilikuwa nyingi. Nilikaa chini kwenye vumbi la pamba nikamweka kichwa chake mapajani, nikamgeuza ubavu, nikangoja kimpite, kwa sababu hakuna kingine cha kufanya ila kungoja.

Mkurugenzi akapanda kwenye jukwaa. "Ndugu washiriki, hali imedhibitiwa," akatangaza. "Sasa tumpigie mzee wetu makofi ya pole. Ya kilo."

Hakuna aliyepiga.

"Ya kilo!" akarudia.

Niliinua macho. Watu wote wa ghala lile walikuwa wamesimama na mikono chini. Kasiano, balozi wetu, alikuwa ameibana yake kwapani. Hata mwezeshaji aliitazama mikono yake, akaiacha. Mwenye kitambaa cheupe alikuja akanipa kitambaa chake, nikamfunga baba kichwa. Tukatoka. Nikamfungua Kashata, akamnusa mzee uso mzima, kisha akalala juu ya miguu yake kwenye mkokoteni njia nzima. Dokta Nasemba ndiye aliyemshona, nyuma ya jenereta, kwa uzi wa kushonea ng'ombe, maana wauguzi wa zahanati walikuwa semina.

Nitasema ukweli, usiku ule nilikuwa na uchungu lakini nilikuwa na amani. Nilijiambia, angalau leo wametusikia. Kimya kile hakuna mtu mwenye masikio ambaye angekosa kukielewa.

Asubuhi redio ikafunguka. Wizara ya Mwitikio wa Wananchi inayo furaha kuwapongeza wananchi wa kata yetu, kwa kubuni makofi ya kimya, ambayo wataalamu wameyapima na kuyapa daraja la juu kabisa, kwa kuwa yanatoka moyoni moja kwa moja bila kupitia mikononi. Kata yetu itakuwa ya mfano. Waziri mwenyewe atakuja kuyazindua. Wananchi wanaombwa kujitokeza kwa wingi na kunyamaza kwa nguvu zote.

Nilizima redio. Nikaiwasha nihakikishe, nikaizima tena. Nikataka kuitupa kwenye migomba. Tumepiga, wamefurahi. Tumepiga kidogo, wametufelisha. Tumeacha kupiga, wanatupongeza!

Baba alikuwa kwenye mkeka, kichwa kimefungwa, Kashata amemlalia kwenye mbavu. "Wanasemaje?" akauliza.

"Wanasema wamekipenda kimya chetu."

Akamkuna mbwa nyuma ya sikio.

"Waziri anakuja lini?"

"Jumamosi."

"Basi Jumamosi," alisema baba, "tutaongea."